Kumbukumbu ya mradi: kompyuta 12 za lab yetu Arua, apdeti bila kuogopa umeme kukatika

Haya wadau, kwa wale wanaofuatilia huu mradi wa lab hapa Arua, Uganda, leo naandika kirefu kidogo kwa sababu ile sehemu niliyokuwa naisubiri kwa hamu sasa inafanya kazi. Mashine inajiapdeti yenyewe, ikishindwa inarudi pale ilipokuwa, na mtu aliyekaa mbele yake anaendelea na kazi zake bila hata kujua kuna kitu kinaendelea.

Kwa wageni: lab iko kwenye kituo cha vijana, ina mashine 12 za used, nyingi ni Core i3 za zamani na Core 2 Duo chache, zote tumeweka Debian, mfumo wa bure wa Linux unaoendesha kompyuta. Wanaokuja ni wanafunzi wa sekondari wa S4 na S6, akina mama wa sokoni wanaojifunza kuandika hesabu za biashara, na vijana wanaovuka mpaka kutoka upande wa Ariwara, Kongo. Huyu anaongea Kilugbara, yule Kakwa, mwingine Lingala, kwa hiyo Kiswahili ndo kinatuunganisha mle ndani.

Shida zetu ni mbili, bando na umeme. Bando kwa sababu kila mashine ilikuwa inashusha apdeti zake peke yake, na Firefox pekee ni zaidi ya MB 50, piga mara 12 uone, hiyo ni programu moja tu na inatoka mpya karibu kila mwezi. Umeme ndo shida kubwa zaidi. Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, inaweza kuisha saa yoyote, au mvua inapiga na mji mzima unazima, na kama mashine iko katikati ya kuinstoli basi unaikuta asubuhi haibuti.

Nieleze kwanza kwa nini haibuti, maana watu wengi wanasema tu "imekorapti" halafu wanaformati. Debian inatumia dpkg kuinstoli pakeji, yaani programu zilizofungwa tayari, na apt ndo inazitafuta na kuzishusha. dpkg yenyewe ni makini sana: faili jipya inaliweka kwanza pembeni kwa jina linaloishia na .dpkg-new, likishakamilika ndo inalibadilisha jina likae pahali pa lile la zamani, na kule kubadilisha jina ni kitendo kimoja kisichogawanyika, ama limebadilika ama halijabadilika. Kwa faili moja uko salama kabisa. Lakini apdeti moja inaweza kugusa maelfu ya mafaili na pakeji mia mbili, umeme ukikatika kwenye ya themanini unabaki na mfumo ambao nusu ni wa jana nusu ni wa leo, laibrari mpya na programu ya zamani haziongei. Mara nyingi ukiandika dpkg --configure -a inamalizia palipobaki na mambo yanakuwa sawa. Ikiwa kilichokatwa ni kernel (kiini cha mfumo) au initrd (faili linaloisaidia kernel kuwaka), hufiki hata pa kuandika hiyo komandi.

Sasa kazi yenyewe. Sava yetu ni laptop ya zamani, kioo kimevunjika lakini betri bado inashika, na nimeichagua kwa hiyo betri, umeme ukienda yenyewe inaendelea wakati nyingine zote zimezima. Ndani kuna apt-cacher-ng, programu ya kutunza pakeji zilizoshushwa, inayosikiliza kwenye poti 3142. Mashine ya kwanza ikiomba pakeji, sava inaishusha kutoka nje na kuiweka kwenye SSD, zile 11 zinazofuata zinapewa ileile kupitia swichi kwa sekunde chache. Kwenye kila mashine ni mstari mmoja tu wa proxy, unaoielekeza apt kwenye sava, ndani ya folda ya apt.conf.d. Bando letu la apdeti lilishuka siku hiyohiyo, na kama una zaidi ya kompyuta tatu mahali pamoja hapa Uganda sioni sababu ya kutofanya hivi.

Kuna kijana mmoja aliniuliza swali zuri sana: kaka, kama pakeji zinapita kwenye HTTP ya kawaida na zinakaa kwenye laptop ya kwetu, mtu si anaweza kuingiza uchafu wake humo? Jibu ni kwamba apt haiamini njia, inaamini sahihi, yaani saini ya kidijitali. Sava za Debian zinatoa faili linaitwa InRelease, limesainiwa kwa ufunguo wa Debian, na ufunguo wa kuhakiki tayari umo ndani ya mashine tangu siku ya kuinstoli. Ndani ya hilo faili kuna alama za SHA256 (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, faili likibadilika nayo inabadilika) za orodha zote za pakeji, na ndani ya orodha kuna SHA256 ya kila pakeji. Ukibadilisha hata baiti moja kwenye laptop yangu, hesabu inakataa na apt inagoma kuinstoli. Huu mnyororo kwenye Debian umekuwa wa kawaida tangu toleo la 4.0 la mwaka 2007, na kwangu mimi ni moja ya vitu bora kabisa vilivyowahi kubuniwa kwenye softwea, kwa sababu unamruhusu mtu asiye na intaneti nzuri agawe pakeji kwa flashi, kwa basi, kwa njia yoyote, na bado mpokeaji awe salama.

Haina maana sahihi inamaliza kila kitu. Mwaka 2020 ile Orion ya SolarWinds, programu ya kusimamia mitandao, ilisambazwa ikiwa na sahihi halali kabisa huku ndani kuna mlango wa nyuma, kwa sababu wavamizi waliingia pale inapotengenezwa kabla haijasainiwa. Na mwezi wa tatu 2024 ikaja ile ya xz, programu ya kubana mafaili iliyowekwa mlango wa nyuma, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, iligundulika kwa sababu Andres Freund aliona ssh (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) inachelewa kama nusu sekunde akaamua kufuatilia. Nusu sekunde! Ile ilikuwa imefika kwenye Debian ya majaribio, haikufika kwenye stable, lile toleo tulivu, na ndo maana lab yetu inakaa stable na ntaendelea kukaa hapo hata kama kuna watu wananiambia programu zangu ni za kizamani.

Kitu ambacho kilinisumbua kuliko vyote hapa ni saa. Hizi mashine za used betri ya bodi, ile ya duara CR2032, imekufa karibu kwenye zote, umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma. Sasa apt inaangalia tarehe ya lile faili lililosainiwa, ikiona limesainiwa "kesho" inasema bado halijaanza kuwa halali na inakataa. Ina haki kukataa. Tarehe ziko pale makusudi, upande wa security faili lina hata tarehe ya mwisho wa uhalali, ili mtu asikupe orodha ya miezi sita iliyopita yenye sahihi nzuri halafu ukaamini huna apdeti huku mashimo yako wazi. Nimeona wengine mtandaoni wanashauri zima hiyo cheki. Usizime. Tumenunua betri mpya kwa mashine zote, ni bei ya soda, na laptop ya sava inagawa saa kwa programu ya chrony, mashine ikiwaka kitu cha kwanza ni kuuliza saa.

Sasa ile sehemu tamu. Kila hadidiski nimeigawa: sehemu ndogo ya GRUB (programu inayochagua mfumo gani uwake), upande A wa GB 25, upande B wa GB 25, na kubwa iliyobaki ni ya /home, kazi za watu ziko huko na apdeti haigusi kabisa. Mashine inaishi upande mmoja, tuseme A. Usiku au wakati wowote iko wazi, skripti inachukua A na kuinakili kwenda B kwa rsync, inabeba mafaili yaliyobadilika tu na inaruka fstab, orodha ya sehemu za diski, maana kila upande una yake, halafu inaingia B kwa chroot, yaani inaichukulia B kama mfumo mzima, na kufanya apt full-upgrade humo. Ni kama kupika chungu cha pili pembeni wakati watu bado wanakula cha kwanza. Kama mtafanya hivi wekeni skripti ya policy-rc.d inayorudisha 101, yaani usiwashe huduma, ndani ya B, la sivyo pakeji zitajaribu kuwasha huduma zake mle ndani na kugombana na zile za A.

Ikimaliza, inaandika kwa grub-reboot kwamba kubuti kunakofuata kuende B, mara moja tu. Hiyo "mara moja tu" ndo roho ya mradi mzima. GRUB inafuta hiyo alama kabla hata ya kupakia kernel, kwa hiyo B ikifa, kubuti kunakofuata ni A bila mtu kugusa kitu. B ikiwaka vizuri, huduma ndogo ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine) inakagua: neti ipo? skrini ya kulogin imetokea? /home imefunguka? Zote ndiyo, inafanya B kuwa ya kudumu. Simu za Android zimekuwa na utaratibu wa namna hii tangu Android 7.0 mwaka 2016, na watu wa Nix, mfumo mwingine wa kuinstoli pakeji, walifika huko zamani kwa njia nyingine, mwanzilishi wake Eelco Dolstra aliandika tasnifu yake mwaka 2006 na pale kila toleo linakaa kwenye folda yake na kurudi nyuma ni kubadilisha kiungo tu. Nix naipenda sana, ila kwa lab hii nataka kitu ambacho kijana mwingine akikikuta atakielewa kwa ls na cat.

Angalizo moja: GRUB niliyonayo inaweza kuandika alama zake kwenye ext4, kwenye btrfs haiwezi (zote ni namna za kupanga mafaili kwenye diski). Ukiweka sehemu ya GRUB kwenye btrfs ile alama haifutiki na mashine itaendelea kurudi kwenye upande mbovu milele. Ndo maana ile sehemu ndogo ni ext4.

Majaribio. La kwanza nilichomoa waya wa umeme ukutani wakati dpkg inafungua LibreOffice ndani ya B. Mzee anayetunza kituo alikuwa amesimama nyuma yangu, akashika kichwa, "Mwanangu, unaiua hiyo!" Nikarudisha waya, mashine ikawaka A, mafaili yote yapo, usiku skripti ikaisawazisha B upya na kumaliza. La pili niliikata initrd ya B nusu makusudi. Kernel ikapiga panic (ikasimama kwa kosa kubwa), haikupata root, sehemu yenye mfumo, na kwa sababu nimeweka panic=10 ikasubiri sekunde kumi ikajiwasha upya, ikaja A. Mzee akauliza, "Sasa hapo mimi nibonyeze nini?" Nikamwambia usibonyeze kitu mzee, iache tu. Kwa zile zinazoganda bila panic kuna watchdog ya bodi, systemd inaipapasa kila mara na ikinyamaza bodi inajiriseti.

Apdeti haziendi mashine zote pamoja. Mashine moja ya mlangoni inatangulia, ikikaa siku mbili bila kelele ndo zingine zinaruhusiwa. Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024, faili moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilienda kwa wateja wote kwa mpigo na Microsoft ikakadiria mashine milioni 8.5 za Windows zilianguka, na nyingi zilihitaji mtu aende kuzigusa kwa mkono moja moja. Ila kuchelewa nako kusizidi, kiraka cha lile shimo la WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa, kilitoka Machi 2017 na shambulio likaja Mei, miezi miwili kiraka kiko pale watu hawajaweka.

Flashi za wanafunzi zinafunguka na noexec, programu iliyomo haiendeshwi moja kwa moja. Haizuii skripti ikiitwa kwa bash au python, kwa hiyo hatuitegemei peke yake, programu za kujaribu zinaingia kwa Flatpak, inayozitenga na mfumo, na ruhusa za kusoma /home nimezifunga.

Kilichobaki ni pakeji zetu wenyewe, ile kamusi ndogo na masomo ya hesabu, nataka nizisaini kwa ufunguo wetu. Wale wa TUF, mfumo wa kulinda apdeti za programu, kwenye andiko lao la 2010 wanasema ufunguo mmoja mkononi mwa mtu mmoja hautoshi, ukiibiwa kila kitu kimekwisha, bora sahihi zitakiwe za watu wawili. apt yenyewe hailazimishi sahihi mbili, kwa hiyo naandika cheki ndogo kwenye sava inayokataa kupokea pakeji mpaka sahihi yangu na ya mwalimu wa Koboko ziwepo zote. Mwalimu amekubali, ufunguo wake atautengeneza mwenyewe kwenye mashine yake wiki ijayo. Skripti za A na B ntazimwaga zote nikishatoa majina ya mashine zetu humo, mwenye Core 2 Duo ya BIOS ya zamani aniambie kama watchdog yake inaonekana maana mbili zangu hazina.