Maji ya Waridi ya Tongoni

Desemba 2016 nilirudi nyumbani Tanga nikiwa nimechoshwa na rangi. Mwaka mzima nilikuwa maabara nikitengeneza pofirini, molekuli bapa zenye umbo la pete zilizo na undugu na klorofili, kwa nia ya kuzitandaza juu ya kioo ili zinase mwanga na kupokezana nishati yake, kama zifanyavyo rangi za ndani ya jani. Njia yake ni ya siku nyingi: pairoli na benzaldehidi huchemshwa pamoja katika asidi ya propioniki, na chombo kikipoa hujitenga fuwele za zambarau zinazofurahisha macho. Katikati ya pete nilitia zinki, mahali ambapo klorofili ina magnesiamu. Zikiwa katika kimiminika, nilipozimulika zilitoa mng'ao mwekundu. Zikikauka juu ya kioo, giza tupu. Nilibadili kimiminika, nikabadili kioo, nikalaumu kila kitu isipokuwa umbo la molekuli nilizozibuni mwenyewe.

Shangazi yangu wa Tongoni alikuwa mkulima wa mwani. Siku moja ya bamvua nilimfuata shambani maji yalipokupwa, nikamsaidia kufunga miche kwenye kamba, na jioni nikarudi na kikapu cha mwani mwekundu. Sikuwa na mpango wowote wa utafiti, ila mfukoni nilikuwa na kitaa cha mionzi ya urujuanimno nilichokinunua Ngamiani, kile ambacho wenye maduka hukagulia noti bandia. Niliuponda ule mwani kwenye kinu, nikauloweka usiku kucha katika maji baridi ya mvua, na asubuhi nikachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui la nazi. Yalitoka maji ya waridi. Nilifunga madirisha nikayamulika, nayo yakawaka rangi ya chungwa, mng'ao wa wazi kuliko wowote niliowahi kuupata kwa fuwele zangu.

Iliyokuwa ikiwaka ni fikoerithrini, protini inayonasa mwanga wa kijani ambao klorofili huuacha upite, kisha huupeleka hatua kwa hatua hadi kwenye klorofili. Kila chembe yake hubeba viini vya rangi zaidi ya 30, vimesongamana katika nafasi ya nanomita chache tu, na bado havizimani. Hilo ndilo lililoniudhi.

"Sasa ichemshe uone," alisema shangazi kutoka mlangoni. "Maji ya moto yanaua rangi ya mwani. Sisi tunaotengeneza sabuni ya mwani tunalijua hilo zamani, mwanangu."

Tuliweka sufuria jikoni. Kabla maji hayajatokota, uwaridi ulikuwa umefifia, na kitaa changu hakikuonyesha tena chochote. Viini vya rangi vilikuwa vimo mle mle. Kilichoharibika ni protini iliyokuwa imevishika kila kimoja mahali pake, kimenyooshwa na kutengwa na jirani yake. Nilikaa kwenye kibao cha mbuzi, mvuke ukinipiga usoni, nikaelewa kwamba pofirini zangu zilikuwa zikilaliana juu ya kioo kama chapati kwenye sahani, na nishati ikipotea kuwa joto. Mwaka mzima nilishughulikia rangi, sikuwahi kuijengea nyumba.

Kuzitenga kupita kiasi nako kungeharibu kazi, kwa sababu kasi ya kupokezana nishati hushuka kwa kipeo cha sita cha umbali: ukiongeza umbali mara mbili, kasi hupungua mara 64. Niliporudi maabara niliongeza matawi manene kwenye pembe nne za pete, yasiyoziruhusu kulaliana lakini yasiyozifukuza mbali. Ilinichukua miezi, na mingi ya miezi hiyo haina la kusimuliwa. Kipande cha kwanza cha kioo kilichowaka kiliwaka hafifu, wala hakikufikia hata nusu ya yale maji ya Tongoni.

Nilimpigia simu shangazi kumpa habari. Aliniuliza jambo moja tu: hiyo yangu nikiichemsha inakufa? Nikazamisha kile kioo katika maji yanayochemka kwa dakika kumi, nikazima taa, nikakimulika. Pofirini iliyozaliwa katika asidi inayotokota haikushtuka. Ilikuwa ingali nyekundu.