Saa ya kompyuta inayobaki nyuma: jua kwanza inapoteza majira wakati gani

Saa ya kompyuta ikianza kubaki nyuma, wengi hukimbilia kubadilisha betri ya madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Mara nyingi wanapatia, maana betri ndiyo chanzo cha kawaida. Lakini zipo saa zinazobaki nyuma huku betri ikiwa nzima kabisa, na hapo utabadilisha betri hata tatu bila shida kuondoka. Swali la kuanza nalo ni moja: majira yanapotea kompyuta ikiwa imezimwa, au ikiwa inafanya kazi?

Swali hilo lina maana kwa sababu kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza iko kwenye madabodi, na hiyo hutembea usiku na mchana, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Inaendeshwa na kristali ndogo ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu: ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, kwa hiyo saketi rahisi ya kuhesabu inatoa pigo moja kila sekunde. Saa ya pili ni ya mfumo endeshi, uwe Windows au Linux. Unapowasha kompyuta, mfumo huisoma saa ya madabodi, kisha huendelea kuhesabu wenyewe kwa vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa na chipu nyingine. Saa unayoiona pembeni mwa skrini ni hiyo ya pili. Inaweza kuchelewa ile ya madabodi ikiwa sawa, na kinyume chake pia.

Kupima si kazi ngumu, ila inataka subira. Kwanza zima usawazishaji wa saa kupitia intaneti, la sivyo mfumo utakuwa unalifunika kosa unalolitafuta. Kwenye Windows unauzima katika mipangilio ya saa na tarehe. Kwenye Linux andika:

sudo timedatectl set-ntp false

Weka saa sawa na ya simu, hadi sekunde. Iache kompyuta ikiwaka kutwa nzima bila kuiruhusu isinzie, kisha linganisha na uandike tofauti. Baada ya hapo rekebisha saa tena, zima, chomoa waya wa umeme, iache usiku kucha, washa na ulinganishe. Usiruke hatua ya kuchomoa. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini bado imechomekwa hupata umeme mdogo wa akiba kutoka pawasaplai, na umeme huo ndio unaoilisha saa ya madabodi. Betri haiguswi. Ndiyo maana betri iliyokufa inaweza kujificha kwa miezi mpaka siku umeme ukatike, na ndiyo maana kompyuta inayozimwa kwenye swichi ya ukutani kila jioni huimaliza betri mapema kuliko ile inayobaki imechomekwa.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wachache hukitumia, ingawa ndicho kinachotoa jibu safi kuliko vyote. Ingia kwenye BIOS, programu ya madabodi inayoanza kabla ya mfumo endeshi, fungua ukurasa unaoonyesha saa na sekunde, uiache mashine hapo kwa saa mbili au tatu ukiwa na simu pembeni. Hapo mfumo endeshi haujapakiwa, kwa hiyo sekunde unazoziona zinatoka moja kwa moja kwenye saa ya madabodi. Zikienda sambamba na simu, kristali ni nzima na tatizo la saa inayochelewa wakati wa kazi liko kwenye mfumo.

Namna saa inavyokosea nayo inasema mengi. Ikirudi kwenye tarehe ya zamani, mara nyingi tarehe 1 Januari ya mwaka fulani uliopita, na mashine ikawaka na ujumbe wa “CMOS Checksum Error” (CMOS ni kumbukumbu ndogo inayoshikiliwa na betri hiyo) au wa betri kuisha, hiyo ni betri. Ikibaki nyuma kwa karibu muda uleule iliokaa imezimwa, betri bado ina nguvu ya kushikilia kumbukumbu lakini haina ya kuitetemesha kristali. Ikikosea kwa saa kamili, dakika na sekunde zikiwa sawa, hakuna majira yaliyopotea. Hilo ni suala la ukanda wa saa, na nitalifikia. Ikichelewa sekunde moja au mbili kwa siku, huo si ugonjwa. Kristali za aina hii huruhusiwa kukosea sehemu 20 hivi kwa milioni, sawa na sekunde 1.7 kwa siku, karibu sekunde 52 kwa mwezi. Joto nalo huchangia: kristali hizi hutengenezwa ziwe sahihi zaidi karibu na nyuzi 25 za Selsiasi, na zikipata joto zaidi au baridi zaidi ya hapo, huchelewa. Kwenye nyuzi 45 ndani ya kasha, kuchelewa huongezeka kwa sekunde moja na kidogo kila siku. Saa ya mkononi ya bei rahisi huizidi saa ya madabodi kwa usahihi, kwa kuwa ngozi huiweka kwenye joto lisilobadilika sana.

Tuje kwenye betri. Kompyuta nyingi za mezani hutumia CR2032: bapa, ya mviringo, upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Weka mita ya kupimia umeme (multimeter) kwenye volti za DC, kipimo cha 20, gusa juu ya betri kwa ncha nyekundu na upande wa hasi kwa nyeusi. Betri mpya husoma kati ya volti 3.0 na 3.3. Ikisoma chini ya 2.8, badilisha. Kumbuka kwamba betri za lithiamu hushikilia volti zake karibu maisha yote, kisha huporomoka ghafla mwishoni, kwa hiyo betri inayosoma 2.9 isikupe matumaini ya miaka.

Kabla ya kuitoa, ingia BIOS upige picha kurasa zote ulizowahi kuzibadilisha, maana ukitoa betri, kwenye bodi nyingi mipangilio hurudi ya kiwandani. Mpangilio unaowaumiza watu zaidi ni wa diski: kama ilikuwa RAID na ikarudi AHCI (namna mbili za bodi kuwasiliana na diski), au kinyume chake, Windows itakataa kuwaka na kuonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Wengi hapo huanza kusakinisha upya, na data zao zinakwenda bila sababu, ilhali dawa ni kurudisha mpangilio mmoja tu. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, hakikisha ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 unao mkononi, nje ya kompyuta hiyo, kisha simamisha ulinzi kwa muda:

manage-bde -protectors -disable C:

Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, ndipo uguse bodi. Tazama upande wenye alama ya kujumlisha umeelekea wapi. Kwa kawaida hutazama juu. Sukuma kibati cha pembeni kwa kijiti cha plastiki na betri itachomoka yenyewe. Usiichokonoe kwa bisibisi kutoka chini, kwa sababu unaweza kukipinda kibati cha mguso, na betri mpya ikikaa bila kugusa vizuri, saa itasimama kila kompyuta inapotikiswa. Ishike mpya kwa kingo.

Usikubali mbadala. CR2025 ina upana uleule lakini ni nyembamba, milimita 2.5, hivyo hucheza ndani ya kishikio. LIR2032 ni ya kuchajiwa na ikijaa hufika volti 4.2, na saketi hii imetengenezwa kwa volti 3. Kwenye kompyuta nyingi za mkononi betri huja imefungwa kwenye plastiki ikiwa na nyaya mbili na plagi ndogo. Linganisha nafasi ya waya mwekundu kabla ya kuchomeka, kwa kuwa wauzaji hawafuati mpangilio mmoja. Nyingine hazina betri hii kabisa, saa yao hulishwa na betri kubwa.

Na jambo moja lisilo na mjadala: betri kuukuu isiachwe mezani. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili hata kama imekwisha nguvu. Akimeza, ni hospitali mara moja.

Sasa, betri mpya ikifa baada ya wiki chache, usinunue nyingine. Fanya hesabu. CR2032 ina uwezo wa takriban miliampea-saa 220. Saa ya madabodi ikivuta maikroampea 5, betri hiyo inatosha saa 44,000, yaani miaka mitano. Kukiwa na uvujaji na bodi ikavuta maikroampea 100, zinabaki saa 2,200, miezi mitatu tu. Kulipima hilo, chomoa waya wa umeme, ingiza kipande cha karatasi kati ya betri na kibati cha kujumlisha, weka mita kwenye maikroampea, kisha gusa betri kwa ncha moja na kibati kwa nyingine. Ukiona namba ya tarakimu tatu, umeme unavuja. Anza na jampa ya kufuta kumbukumbu (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili), iliyoandikwa CLRTC, CLR_CMOS au JBAT1: kuna wanaoisahau kwenye pini za kufutia baada ya matengenezo. Kisha chunguza kuzunguka kristali na kishikio cha betri. Mabaki ya chai, unyevu, au vumbi lililoshika mafuta hupitisha umeme kidogo kidogo, na yakigusa miguu ya kristali huivuruga mwendo wake pia. Sugua taratibu kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya 99%, uache ikauke kabisa. Kama bado inavuja, ni chipu au kapasita, na hapo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Kama majira yanapotea kompyuta ikiwa inawaka, achana na betri. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi:

w32tm /query /status

Ukiona chanzo kimeandikwa “Local CMOS Clock”, Windows haisawazishi saa na seva yoyote. Ipe seva na uilazimishe:

w32tm /config /manualpeerlist:"pool.ntp.org,0x8" /syncfromflags:manual /update
net stop w32time
net start w32time
w32tm /resync

Ikikataa, angalia kama ukuta wa moto (firewall) au ruta imeziba UDP 123, mlango wa mtandao unaotumiwa na usawazishaji wa saa. Na kama tarehe imekosea sana, irekebishe kwa mkono kwanza. Kwa mipangilio ya kawaida ya kompyuta ya nyumbani, huduma hii haigusi tofauti inayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Hapo ndipo watu hudhani seva imekufa, na wakati huohuo kivinjari nacho kinakataa kila tovuti kwa kuona cheti chake bado hakijaanza kutumika.

Usawazishaji lakini haumponyi mgonjwa. Saa inayopoteza dakika kadhaa kwa siku ikiwa inawaka inahesabiwa vibaya, na unapaswa kujua kwa nini. Kwenye Linux angalia kihesabio kinachotumika:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource
sudo dmesg | grep -i tsc

Ujumbe unaosema TSC si thabiti unamaanisha kihesabio cha prosesa kimekutwa na kasoro na kerneli, kiini cha Linux, imehamia kingine. Mara nyingi BIOS mpya hulimaliza hilo. Kwenye Windows, kama kuna aliyefuata ushauri wa kuongeza kasi ya michezo na kubadilisha kihesabio, ondoa:

bcdedit /deletevalue useplatformclock

kisha washa upya. Na kama prosesa imeongezwa kasi kupita ya kiwandani, irudishe kabla ya kupima chochote. Mwaka 2013 HWBOT, wanaoweka rekodi za kasi za kompyuta, walikataa matokeo ya Windows 8 kwa sababu hiyohiyo: ukibadilisha kasi ya msingi mfumo ukiwa unawaka, saa yake ilienda mwendo mwingine. Mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine) nayo hubaki nyuma kila inaposimamishwa na kuendelezwa. Sakinisha ndani yake programu ya nyongeza ya mtengenezaji wake, inayochukua saa kutoka kwa mashine mwenyeji.

Limebaki lile la saa kamili. Kama ukanda wa saa umewekwa sawa na bado saa inaruka kila unapohama kati ya Windows na Linux kwenye mashine moja, mifumo hiyo inagombania saa ya madabodi: Windows huandika humo saa ya mahali, Linux huandika UTC, saa ya pamoja ya dunia. Aliye kwenye UTC+3 ataona tofauti ya saa tatu kamili. Njia ya haraka ni kuiamuru Linux ifuate Windows:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Mimi napendekeza kinyume chake, Windows ifuate UTC, kwa sababu Linux yenyewe hutoa onyo kwamba saa ya mahali huleta matatizo kwenye nchi zinazosogeza saa kwa msimu. Weka hii kwenye dirisha la amri la msimamizi, yote kwa mstari mmoja, kisha zima na uwashe, na usawazishe saa mara moja ukiwa ndani ya Windows:

reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Baada ya hapo saa ya BIOS itaonyesha UTC, pungufu kwa saa tatu kwa huyo wa UTC+3. Iache hivyo, ukiirekebisha kwa mkono, mifumo yote miwili itakosea.