Kilwa Mbili, Sheria Moja

Huwezi kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu pwani ya kusini mwa Tanzania, kwa kushtukiza. Kabla ya kushuka gatini Kilwa Masoko unapitia ofisini, unalipa kiingilio, unaandika jina kwenye daftari, unapewa kibali na mtu wa kukuongoza. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba ni urasimu. Mimi nilifurahi. Nimeshaona magofu mengine ya pwani ambako pikipiki inaingia mpaka kwenye kibla, na hakuna wa kukuuliza umetoka wapi.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba wanaoyasimamia magofu haya siku hizi ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Askari wenye sare za porini wanalinda misikiti ya karne ya 14. Mwalimu mmoja wa historia kutoka Newala, ambaye tulipanda naye boti, aliuliza kwa sauti kama kibali chake kinamruhusu kuona tembo. Nahodha alicheka kuliko sisi sote, ingawa naamini utani huo anausikia kila msimu.

Mlango wa bahari kati ya Masoko na kisiwa ni mwembamba, na Gereza, ndivyo inavyoitwa ngome ya kale ya ufukweni, unaliona tangu ukiwa gatini. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505, baada ya kikosi cha Francisco d'Almeida kuuteka mji na kuupora. Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye sana, na upande mmoja umeshaliwa na maji. Ukishuka unakanyaga mchanga uliochanganyika na vigae. Si kimoja kimoja. Ni vingi, vyekundu vya vyungu vya hapa hapa, na kati yake vipande vya bakuli za Kichina vyenye rangi ya kijani kibichi inayong'aa kila wimbi linapovilowesha.

Kiongozi wetu, kijana mzaliwa wa kisiwani, alitusimamisha hapo hapo kabla hata hatujavaa viatu. "Picha pigeni mtakavyo. Cha chini kibaki chini."

Binti mmoja wa chuo alikuwa ameshaokota. Kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kina ua la nusu. Akauliza kitu kidogo vile kitamdhuru nani. Kijana hakupandisha sauti. Alimwomba akirudishe pale pale alipokitoa, na alisisitiza pale pale, si karibu na pale. Kisha akaeleza: mtaalamu anayechimba hapa hasomi kigae tu, anasoma kigae kilikuwa kwenye tabaka gani, pamoja na nini. Kigae kilichohamishwa ni shahidi aliyesahau kila kitu isipokuwa jina lake. Na kuna sheria. Kitu kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863 ni mali ya kale mbele ya sheria, kiwe jumba au kipande cha bakuli.

Hiyo ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, iliyorekebishwa mwaka 1979. Kabla yake palikuwa na amri ya Waingereza ya mwaka 1937 ya kuhifadhi majengo ya kale. Nilikuwa nimeisoma hiyo ya 1964, maana nina ugonjwa wa kusoma sheria za mahali kabla ya kufika. Si ndefu, na lugha yake ni kavu, lakini inagusa mambo ya kila siku: usichimbe bila leseni, usibomoe, usichore kuta, ukigundua kitu toa taarifa, usisafirishe nje ya nchi bila kibali. Ukiwa umekaa mezani yanasomeka kama makatazo ya kumtisha mwizi wa kimataifa. Ukiwa kisiwani unagundua kuwa sehemu kubwa yanamhusu mgeni mwema mwenye mfuko wa suruali.

Msikiti Mkuu ndipo wote tulipokaa kimya. Sehemu ya kaskazini ni ya zamani zaidi, inarudi nyuma hadi karne ya 11 au 12. Ukumbi mkubwa wa kusini wenye makuba na matao uliongezwa baadaye, enzi za utajiri wa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na akauhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Kuba moja limepasuka na mbingu inaonekana. Nguzo ni za matumbawe, na ukikaribia unaona bado umbo la matumbawe yenyewe, vile vijitundu kama sega la nyuki.

Kwenye ukuta wa nje palikuwa na fundi mzee na msaidizi wake, wanatia chokaa kwenye nyufa kwa mwiko mdogo. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini asitumie saruji amalize kazi haraka. Alinitazama kwa huruma. Saruji, alisema, ni ngumu kuliko jiwe lenyewe. Haipumui. Maji ya mvua yanaingia ndani ya ukuta kwa njia nyingine, yanakosa pa kutokea, na chumvi inalimeng'enya tumbawe kwa ndani wakati wewe nje unaona kiraka kimekaza. Baada ya muda kiraka kinabaki kimesimama na ukuta umekwenda. Chokaa ni laini. Ikichoka inabanduka yenyewe, unaweka nyingine. "Hapa adui si yule anayekuja na nyundo tu," alisema. "Kuna anayekuja na mfuko wa saruji na nia njema." Nilipenda alivyosema, maana sheria zetu zinamtambua mharibifu upesi kuliko zinavyomtambua mkarabati asiyejua kazi.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na mji, juu ya genge linaloitazama bahari. Jumba hili la Sultani al-Hasan lilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, ua wa kupokea wageni, na birika la kuogelea lenye pembe nane ambalo bado lipo, kingo zake zinahesabika. Wenzangu walilizunguka birika wakipigana picha. Mimi nilikwenda ukingoni mwa genge, na pale ndipo safari iliponigeuka.

Kuta zinaishia hewani. Udongo ulio chini yake umesombwa. Mvua inateremka na bonde lake dogo, bahari inachimba kutoka chini, na jengo linakwenda kipande kwa kipande. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, yaliandikwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na sababu kubwa ilikuwa hiyo: mvua, bahari, mizizi ya miti ndani ya kuta. Yalitolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati, mipaka kuwekwa sawa na mpango wa usimamizi kuanza kufanya kazi. Sasa mwanasheria atafanya nini hapa? Bahari haipelekewi wito wa mahakama.

Kiongozi wetu alinionyesha kwa kidole chini, upande wa kushoto. Mikoko. Pale ilipo imara, alisema, wimbi linafika limechoka. Pale ilipokatwa kwa ajili ya boriti na kuni, linafika na nguvu zake zote. Mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya misitu, na anayeikata bila ruhusa anavunja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Basi, sheria inayoilinda Husuni Kubwa kwa upande wa baharini haitaji sultani wala birika, inataja miti. Ofisa wa mambo ya kale asipoelewana na ofisa wa misitu, jumba linaanguka huku kila mmoja akiwa ametimiza wajibu wake. Naona huu ndio udhaifu wa kawaida wa ulinzi wa urithi: tunauchora mstari kuzunguka jiwe, ilhali kinacholishikilia jiwe kiko nje ya mstari.

Tuliporudi tulipita kijijini. Watu wanaishi kati ya magofu, nyumba za udongo na makuti, mbuzi wanalala kwenye kivuli cha kuta za kale. Kwa bibi mmoja tuliomba maji ya kunywa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Mmetoka kutazama mawe?"

Alisema bila ubaya. Lakini mwalimu wa Newala alipomsifia kwa kuishi mahali penye historia, bibi aliweka kata chini. Anataka kuchimba choo kipya nyuma ya nyumba. Hawezi kuchimba tu. Lazima aulize kwanza, mtu aje atazame kama kuna ukuta chini. "Nikiuliza, nangoja. Na waliojenga haya mawe walikuwa babu zangu. Wao walimuuliza nani?"

Sheria iko sahihi, na bibi yuko sahihi. Shimo la choo linaweza kupasua sakafu ya karne ya 13 kwa asubuhi moja. Lakini watu hawa ndio walinzi waliokuwepo kabla ya ofisi yoyote. Mgeni akiingia usiku na jembe, wa kwanza kumwona ni wao. Ukimnyima mlinzi jibu, umemfundisha kutouliza. Kama ningekuwa na uwezo wa kuongeza kifungu kimoja tu, kingekuwa cha muda: ombi la mwanakijiji lijibiwe ndani ya siku kadhaa zinazojulikana, likipita hapo lihesabike limekubaliwa. Najua wataalamu watanipinga, na najua hoja zao.

Kwenye boti ya kurudi mazungumzo yalihamia kwenye bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023. Nahodha anaitaka. Mwalimu ana wasiwasi: mawimbi ya meli, kina kuchimbwa, mchanga kuhama. Tanzania iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 mwaka 1977, na miongozo ya mkataba huo, aya ya 172, inaitaka nchi kuijulisha Kamati ya Urithi wa Dunia juu ya ujenzi mkubwa unaoweza kuugusa urithi, tena kabla uamuzi haujawa mgumu kugeuza. Nyumbani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari. Liverpool ya Uingereza ilifutwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi kwenye eneo la gati zake. Dresden ya Ujerumani ilifutwa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja moja. Nahodha alisikiliza yote hayo, kisha akauliza kama huko Liverpool wavuvi wana barafu ya kuhifadhia samaki. Sikuwa na la kumjibu. Bandari na Gereza vinaweza kukaa pamoja, lakini hesabu ya mawimbi lazima ipigwe mapema.

Kilwa Kivinje nilikwenda peke yangu, kwa bodaboda kutoka barabara ya Nangurukuru. Watalii wengi hawafiki. Huu ndio mji uliochukua nafasi ya Kisiwani katika karne ya 19, bandari ya misafara ya pembe na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kisha makao ya utawala wa Wajerumani. Hapo ndipo penye kumbukumbu ya wapiganaji wa Maji Maji walionyongwa. Boma la Mjerumani limesimama kando ya bahari bila paa, mti umeota ndani, watoto wanacheza mpira mbele yake.

Na hapa mwaka 1863 unauma. Jengo lililotangulia mwaka huo lina kinga kwa umri wake. Boma, lililokuja zaidi ya miaka ishirini baadaye, umri wake haulisaidii. Lazima waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Ndivyo sheria ya 1964 ilivyouona ukoloni, kitu cha jana. Leo jana hiyo inaporomoka, na pamoja nayo ushahidi wa Maji Maji.

Milango lakini ina kifungu chake. Mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, huuzi wala husafirishi bila kibali. Nilikuwa natazama fremu moja kwenye mtaa wa nyuma, minyororo na maua yamechongwa pembezoni, chini imeliwa na mchwa, mwenye nyumba akatoka. Alidhani ni mnunuzi.

"Umechelewa, kaka. Kuna mwingine ameshakuja, wa mjini. Kaahidi kurudi."

Nikamweleza kifungu. Alikisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu ya 1940, akahesabu kwa vidole umri wa babu yake aliyeuagiza mlango. Kisha akaniita ndani, anionyeshe kitu. Juu ya chumba cha mbele boriti mbili zimekatika, na mvua ya masika iliyopita imeshusha nusu ya dari. Fedha za mlango zilikuwa za boriti.

"Hiyo sheria," aliuliza, "inasema nani anaezeka?"

Haisemi. Nilimwambia hivyo. Aliegemea ile fremu akafikiri, akasema yule wa mjini akirudi atamtaka alete kibali kwanza, na akikosa, yeye ataanza na makuti upande wa barabarani, maana huko ndiko kuna mlango.