Moto Hafifu wa Plagi kwenye Honda Kongwe

Hapa Pemba bado tunazo Honda CG125 za zamani, zile zinazowaka kwa pointi (vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kuukata umeme) na si kwa sidiai, yaani kifaa cha kielektroniki kinachofanya kazi hiyo, na kwa fikra yangu zinastahili kutunzwa. Mara nyingi kinachozisumbua si injini yenyewe bali moto wa plagi: mwenye chombo hupiga kiki mpaka mguu ukamuuma, injini ikawaka kwa taabu, kisha ikaanza kukatakata pale inapobeba mzigo kupanda mlima. Akifika kijiweni, ushauri wa kwanza anaopewa ni kununua koili mpya, yaani kile kifaa kinachozidisha volti za umeme wa plagi. Ushauri huo siuafiki, kwani aghalabu koili ni nzima na umeme unapotea njiani.

Anza kwa kuitazama cheche. Toa plagi, hakikisha mwanya wake ni kati ya milimita 0.6 na 0.7, ichomeke kwenye kofia yake, uilaze igusane vyema na chuma cha injini mbali na tundu lake, ambalo hutoa mvuke wa petroli, halafu piga kiki ukiwa kivulini. Cheche nzuri ni nene, ina rangi ya samawati na mlio unaosikika. Iliyo dhaifu ni nyembamba, ya manjano au wekundu, mara ipo mara haipo. Hata hivyo, cheche iliyoonekana nje haijathibitisha mengi, kwa sababu ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, na umeme unahitaji volti kubwa zaidi ili uruke katika hewa ya namna hiyo.

Baada ya hapo fungua kofia ya plagi, ambayo kwa kawaida huzungushwa tu ikatoka kwenye waya. Katika pikipiki zinazobeba matenga ya samaki kutoka Tumbe nimekuta nyuzi za shaba zimegeuka unga wa kijani, na ncha ya waya imekauka ikawa kama jivu. Kata kiasi cha nusu sentimita mpaka ufikie shaba inayong'aa, kisha uirudishe kofia kwa kuizungusha. Kazi hii haigharimu kitu, nayo imerudisha moto katika vyombo vingi kuliko koili mpya.

Pointi ndizo zinazotaka subira. Vidomo vyake viwili vinapoachana, umeme uliokuwa ukipita hapo hukatika na kusukumwa ghafla kwenye koili, na msukumo huo ndio unaozaa volti kubwa ya plagi. Kondensa, kifaa kidogo kilichounganishwa na pointi, huupokea umeme unaotaka kuruka baina ya vidomo, ili mkato uwe wa ghafla. Kondensa ikichoka, utaona cheche kubwa kwenye pointi zenyewe, vidomo vitaungua na kuwa vyeusi, na plagi itaambulia mabaki. Dalili nyengine ni injini inayowaka vizuri asubuhi ikazimika ikishapata joto. Safisha vidomo kwa msasa laini, kisha pitisha karatasi safi iliyoloweshwa petroli, kwani hata alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuvizuia visigusane sawasawa. Mwanya wao, unapopimwa vikiwa vimeachana kabisa, uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4, na vianze kuachana pale alama ya F kwenye flaiwili (gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka na injini) inapokutana na alama ya kwenye injini. Katika mfumo huu wa sumaku, pointi zikifunguka kabla au baada ya hapo, moto nao hupungua nguvu.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha chombo, nayo husahauliwa. Mzee mmoja wa Konde aliniletea pikipiki iliyotoka kupigwa rangi, akilalamika, "Fundi, chombo kimependeza lakini hakiwaki." Rangi ilikuwa imeingia chini ya boliti ya koili, tulipoikwangua mpaka chuma kikaonekana, kikawaka. Swichi ya ufunguo iliyoingia maji ya mvua nayo huvujisha umeme kwenda kwenye bodi, kwa kuwa kazi yake ya kuzima ni kuupeleka umeme ethi. Chomoa waya wake kwa muda. Moto ukiongezeka, mgonjwa umempata.

Yote hayo yakiwa salama, ndipo ushike mita ya umeme uipime koili, kwanza ikiwa baridi na tena ikiwa na joto. Upande wa waya wa plagi usomeke maelfu ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), na upande wa pili omu chache tu. Ikiwa nayo ni nzima, kilichobaki ni koili ndogo iliyo nyuma ya flaiwili, na hapo nakuomba uazime pula ya kuivulia flaiwili. Usiipige nyundo, kwa sababu mapigo huziumiza sumaku zake na huweza kuipinda krenki, mhimili unaoizungusha.