Kwa Basi Kwenda Musoma na Mwalimu wa UPE

Kabla ya kwenda stendi ya Nyamhongolo, jijini Mwanza, nilipitia Butimba. Chuo cha ualimu cha pale wengi wanakijua kwa michezo, muziki na sanaa. Ukikutana na mwalimu Kanda ya Ziwa anayefundisha kwaya na kuchora ramani ubaoni bila kufungua kitabu, usishangae akikwambia alipita Butimba.

Kwenye basi nilikaa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Tulipita Kisesa bado tukisalimiana. Nilipomwambia naenda Musoma, akasema, "Azimio la kule ndilo lililonipa kazi, mwanangu."

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, mpango ulioitwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Lengo la awali lilikuwa 1989! Vyuo vilivyokuwepo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Sehemu ya siku walikuwa na watoto, sehemu nyingine na mkufunzi wao. Masomo mengine yalikuja kwa posta na redio. Makumi ya maelfu walipata ualimu kwa njia hiyo.

"Walituita walimu wa UPE, kama tusi," alisema. "Lakini mkufunzi wangu hakukubali uingie darasani bila andalio la somo."

Akaomba kalamu. Nyuma ya tiketi yangu, basi likiruka matuta ya Magu, akachora safu: hatua, muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, herufi zote kimo kimoja, ule ule wa mwalimu wangu wa darasa la kwanza.

Nimesikia mara nyingi UPE ikilaumiwa kwa kushusha elimu. Madarasa yalifurika na vitabu havikutosha, hilo ni kweli. Ila mzigo huo kuwatwisha vijana wale ni dhuluma. Shule nyingi za vijijini zisingefunguka bila wao.

Baada ya Lamadi akaanza kukusanya mizigo yake. Alikuwa anashuka Bunda, kwa mjukuu wake anayesomea ualimu, na alimbebea karatasi za manila za kutengenezea zana za kufundishia. Nikamuuliza kama yeye ndiye aliyemshawishi kijana aingie kazi hiyo.

"Nilimkataza," akasema. "Hakunisikia. Sasa lazima nihakikishe anaijua."