Nani Kakupikia?

"Basi mwambie ahsante," alisema Mama, akakata simu.

Hayo ni maneno ya Alhamisi na mpaka leo hayajanitoka kichwani. Ijumaa Napoli wamewafunga Cagliari 2-0 wakatwaa ubingwa wao wa nne wa soka ya Italia, mji mzima haukulala, na kila fataki lilipolia Signora, bibi ninayemlea hapa, alinikamata mkono, kwa sababu alikuwa mtoto mdogo mabomu yalipokuwa yakiangushwa hapa mwaka 1943. Nami katikati ya kishindo chote kile nilikuwa namsikia Mama tu.

Alhamisi mchana, mnajua, ndiyo nafasi yangu. Nilikuwa nashuka kuelekea Piazza Cavour kumtumia Zuhura ada ya Twalib, nikapita kwenye kichochoro nisichokipita siku zote, na hapo ikanipiga harufu ya tui linaloshika chuma. Nikasimama. Ndani kulikuwa na meza chache, kijana anakatakata chapati na mayai kwa vyuma viwili juu ya bati la moto, kelele tupu, na pembeni yake mama mtu mzima amekaa kwenye moto wake. Mtu wa Sri Lanka. Hawa tuko nao wengi Napoli, asubuhi basi moja, wanawake kwa wanaume wanakwenda kulea wazee na kusafisha nyumba za watu kama mimi, lakini wanakokula sikuwa nimewahi kuingia.

Yule mama alichota upawa wa uji wa mchele, akaumimina kwenye kikaango kidogo chenye kina, akakizungusha mpaka uji ukapanda ukingoni, akafunika. Alipofunua, katikati pamevimba laini, vitundu tele, ukingo umekauka mwembamba kama karatasi. Wao wanaviita appa. Ni mchele na tui, unaachwa uchachuke, na aliniambia kwao zamani walitia tembo la mnazi mahali pa hamira. Iliki hakuna, sukari hakuna. Unakula na nazi iliyotwangwa na pilipili nyekundu, kitunguu, ndimu na samaki mkavu. Lakini ile sehemu ya katikati, jamani, ilikuwa kibibi, kile chapati laini cha mchele na tui anachopika Mama. Nilikitafuna nimefumba macho. Chini ya meza yake niliona mbuzi, mbuzi kabisa, ubao wa kukalia na ulimi wa chuma wenye meno.

Nikampigia Mama palepale kwa video.

"Hivyo vibibi?" akauliza.

"Vya huku, Mama. Karibu sawasawa na vyako."

"Mbona vina ukingo?"

"Kikaango chao kina shimo."

"Nani kakupikia?"

"Mama mmoja, mtu wa Sri Lanka."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia jogoo wa kina Mzee Bakari. Kisha ndiyo akasema lile neno lake.

Nyinyi mnamjua Mama. Stendi nzima ya Pangani inakula vibibi vyake asubuhi, madereva, wanafunzi, mpaka wageni wanaosubiri kivuko, na mtoto wake wa kumzaa havipati. Kila akisikia mtu anasafiri huuliza kama hakuna namna ya kunifikishia, nami humjibu kwamba vitaharibika njiani. Sasa nimemwonyesha sahani. Zuhura anasema Mama kashukuru tu, mimi ndiye natafuta maneno. Lakini Zuhura hakuisikia ile sauti. Nimeirudia nikiosha vyombo, nimeirudia nikimvalisha Signora soksi. Wakati mwingine naisikia ni shukrani. Wakati mwingine naisikia ni mtu aliyenyang'anywa kazi yake.

Jumapili nikarudi. Salamu ni amana, nikazifikisha, kwa Kitaliano chetu hiki cha jikoni. Yule mama akafuta mikono kwenye aproni, akaniuliza: "Amesema hivyo mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Basi akaniambia kwamba ana binti Kuwait, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, na kila wakiongea humuuliza kama amekula. Binti hujibu amekula, na mazungumzo yanakwenda kwingine. "Leo nitamuuliza nani anapika," akasema, akageukia moto wake.

Nikampigia Mama tena, na safari hii nikaielekeza simu kwa yule mama. Hawana hata neno moja la pamoja hawa wawili. Mama akainua chuma chake kukionyesha, kile cheusi cha marehemu Bibi. Yule naye akainua kikaango chake. Wakatazamana. Halafu Mama akasogeza uso kwenye kioo, akachunguza jiko la watu kule mbali, akasema kwa sauti ya stendi: "Moto wake mkali huo! Mwambie apunguze, vitaungua chini!"

Nikatafsiri. Yule mama akainama, akautazama moto, akapunguza. Na Mama akacheka, kicheko kile cha zamani chenye kikohozi mwishoni, akasema haya, hivyo sasa ndivyo, na mpe mwanangu kingine, amekonda. Nililia mbele za watu na sikujali. Niliondoka nimefungiwa vitatu vilivyomiminwa tui zito katikati, na pesa alizikataa.

Signora amekula kimoja kizima, yeye anayeususia hata mkate. Lakini Jumanne ana miadi ya moyo, na lifti ya jengo imekufa tangu jana. Tuko ghorofa ya nne. Mwanawe hapokei simu, fundi hajulikani atakuja lini, na ngazi zile siwezi kumbeba peke yangu.