Profesa wa Wastoiko mbele ya ndafu

Watu watatu wenye heshima zao waliniambia nichague moja: ama nisome Wastoiko, wale wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, ama nishughulike na habari za kutokula nyama, maana vyote viwili kwa pamoja havitanipa hata uhadhiri msaidizi. Mmoja aliongeza kwamba falsafa yenyewe ni ya mapadri. Mwaka jana nimepanda kuwa profesa kamili, na huyo wa mapadri alikuja kwenye hafla akala keki. Sikumkumbusha. Haya, nilimkumbusha kidogo.

Wastoiko mnaosoma Biblia mnawajua, wamo Matendo 17, wale waliokutana na Paulo kule Athens. Mama yangu alipolikuta hilo jina alifurahi mno, akaamini mwanawe anasomea uchungaji. Sikumsahihisha kwa miaka kadhaa kwa sababu ndiye aliyekuwa akichangia nauli.

Nyama niliacha kwa ubishi tu. Nilikuwa nasoma barua za Seneca, Mstoiko wa Roma, nikafika pale anaposimulia kwamba ujanani, akiwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Sotion, aliacha nyama mwaka mzima akaona akili imekuwa nyepesi. Halafu akarudia kula. Zama za mfalme Tiberius dini za kigeni zilikuwa zikitiliwa shaka, na kukataa nyama za wanyama fulani kulihesabiwa dalili, basi baba yake akamsihi aache. Nikasema nami nijaribu mwaka mmoja, nione kama huo wepesi wa akili upo. Mwezi wa tatu baba akapiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, watu huku wanauliza umeingia dini gani." Miaka karibu elfu mbili, na swali ni lile lile! Seneca alimtii baba yake. Mimi nilimwambia wangu kwamba daktari kanikataza.

Uongo huo ulinifunza jambo. Ukikataa nyama, Mtanzania anakupa milango mitatu ya kutokea: una gauti, wewe Msabato, au kwenu ni mwiko. Ukipita mmojawapo hakuna atakayekusumbua. Ukisema umefikiri ukaamua, hapo umemtukana mwenye nyumba.

Sasa kuhusu andiko langu la kwanza la uzamivu. Nilitaka kuonyesha kwamba Wastoiko wote walikuwa upande wangu. Nilikuwa na Musonius Rufus, mwalimu wa Mstoiko mwingine maarufu, Epictetus, aliyefundisha kwamba nyama ni chakula kizito kinachowafaa zaidi wanyama wa porini na kinachotia akili ukungu, afadhali mtu ale matunda, maziwa, jibini na asali. Nilikuwa na Marcus Aurelius, mfalme mzima wa Roma, anayejikumbusha mbele ya sahani kwamba hii ni maiti ya samaki, ile ni maiti ya nguruwe. Nikajaza kurasa sitini. Nilitembea nazo chini ya kwapa kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja.

Msimamizi alizirudisha baada ya wiki mbili. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa kalamu nyekundu maneno matano: "Na nguruwe wa Chrysippus je?"

Sikuwa namjua nguruwe huyo. Nikaenda kumtafuta maktabani, nikamkuta kwa Cicero, mwandishi wa Roma ya kale. Chrysippus, mkuu wa tatu wa shule ya Wastoiko, alisema nguruwe amepewa roho badala ya chumvi, ili nyama yake isioze kabla hatujaila. Niliisoma mara tatu. Kijana wa kaunta akaniuliza kama naumwa. Nikarudi kwa Marcus, nikaona kile ambacho sikutaka kukiona: papo hapo anaivua sifa hata joho lake la zambarau, anasema ni manyoya ya kondoo yaliyochovywa damu ya konokono wa baharini. Hakuwa akimhurumia samaki wala kondoo. Alikuwa akijizuia asibabaishwe na vitu. Nikabaki na Musonius peke yake, na yeye naye alikuwa akiwaza tumbo la mlaji, si uchungu wa mbuzi.

Kurasa hamsini na kitu zilifungia vitumbua, nasema kweli. Kisha nikageuza swali. Wastoiko walishika kwamba mnyama hana akili, kwa hiyo hakuna haki inayotufunga kwake. Lakini hao hao walishika kwamba mtu mwema hatawaliwi na uchu. Kama naweza kuishi vizuri kwa maharage na mchicha wa nazi, basi kinachonifanya nimchinjishe mbuzi ni ulimi tu, na kutawaliwa na ulimi ni utumwa kwa mizani yao wenyewe. Hoja hiyo ndiyo iliyonilisha hadi leo. Habari za makala na kamati za kupandishwa vyeo mnazijua.

Anayeanza, kwa mama ntilie kaa karibu na sufuria uangalie upawa wa maharage umetoka wapi. Mara nyingi umetoka kwenye mchuzi wa ng'ombe. Bajeti yangu ya chakula ilipungua, siwezi kusema kiasi gani, maana pesa zote zilihamia kwenye vitabu, na kitabu kimoja kutoka nje kinaweza kumeza robo ya mshahara.

Ila nilikoaibika hasa ni ukweni. Nimeoa Uchagani, na kwenye harusi ya shemeji yangu ililetwa ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, kasimamishwa mezani na majani mdomoni. Nikapewa kipaza sauti niseme neno kama msomi wa familia. Badala ya kuwaombea maharusi heri, nilianza na Musonius. Nikafika kwa Chrysippus. Dakika ya saba mshereheshaji akanipokonya kipaza sauti taratibu: "Profesa, mbuzi amekusikia, ila umechelewa kumwambia." Ukumbi ulilipuka. Baba mkwe hakucheka.

Kilichoniuma ni kwamba miaka yote nimefundisha kile kipande cha Epictetus: kondoo hawamletei mchungaji majani kumwonyesha wamekula kiasi gani, wanatoa sufu na maziwa. Na ukiwa karamuni usiwaambie watu namna ya kula, kula inavyopasa. Nimekitungia maswali ya mtihani!

Mwaka uliofuata, Krismasi, sikusema kitu. Nyama ilipoiva nilichukua birika na beseni, taulo begani, nikaanza kunawisha wageni, wazee kwanza. Watu arobaini, mmoja mmoja, polepole. Anayenawisha haulizwi kwa nini hali. Nilipomaliza wa mwisho, wa kwanza walikuwa wanatafuta vijiti vya meno. Mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Mkwe, umesoma na bado unanawisha watu," akanimwagia sifa mbele ya baba mkwe.

Sasa ndiyo kazi yangu kila Desemba. Mwaka wa tatu nilirudisha beseni jikoni nikamkuta mama mkwe ameficha bakuli la kiburu nyuma ya mlango, ndizi na maharage, moto bado.

"Kula haraka, baba," akasema, "wale wa kwa mjomba ndio wanashuka garini, na maji yamepoa."